Mchi wa Mayu Zipora na Testa Isiyowaka

S.L.P. 37,
Kharumwa,
Nyang'hwale.

9 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Jilala,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu najua ungeniamkia, na sitaki hasira yangu ikunyime salamu zako. U hali gani huko Chunya? Kile kifua chako cha vumbi kimepoa? Mkeo Suzana na mtoto wanaendeleaje, na yule mtoto ameshaanza kutembea? Sisi huku tunasukuma siku. Goti langu linanikumbusha umri kila ninapoinuka, na mke wangu Klara ana mafua tu. Mvua bado, maji yako mbali, na ng'ombe wanarudi jioni wamechoka kuliko wachungaji wao.

Salamu zimekwisha. Yanayofuata si matamu, kwa hiyo kaa chini uyasome mpaka mwisho.

Nimeandika barua kwa sababu simu umeshaizoea. Kila nikikupigia unaniambia, "Mjomba, mtandao unakatakata," na kweli unakatika, tena kila mara nikifika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haina mtandao wa kukatika. Nimemkabidhi Chacha, dereva wa basi la Mbeya, na Suzana atampokea stendi. Nimeshaongea na Suzana, kwa hiyo usije ukasema haikufika.

Mdogo wako Amosi yuko hai, bado hospitalini. Kiganja cha kulia kimeungua mpaka ndani, na daktari anasema kidole cha shahada huenda wakakikata. Kwa mchimbaji unajua maana yake. Lakini anakula, anacheka na wauguzi, na juzi aliniuliza nani anamwagilia mchicha wake. Mungu ashukuriwe kwa hilo.

Sasa nikueleze siku ile ilivyokwenda, maana nadhani wewe umeisikia nusu, na hiyo nusu umeitengeneza mwenyewe.

Amosi alirudi mchana kutoka duarani, kule kwenye shimo la dhahabu, gambuti za mpira bado miguuni, akakuta pampu ya kisima cha mama yako haivuti. Akakupigia. Ulikuwa kazini na ulikuwa na haraka. Simu aliiweka sauti kubwa, kwa hiyo mama yako alisikia kila neno, na wapangaji pia. Ulimwambia: "Zima meni suichi ya nyumba, weka testa kwenye kiungo, isipowaka fungua kwa mkono uunge upya." Basi. Ukakata ukaendelea na kazi zako.

Amosi alifanya ulivyosema, neno kwa neno. Alizima meni ya nyumba. Alifunua tepu. Akaweka ile bisibisi yako ya testa kwenye waya, jua la saa saba likiwa utosini, yeye amesimama na gambuti juu ya ubao mkavu uliotandikwa kukwepa tope la kisima. Haikuwaka. Akashika waya kwa vidole vya kulia, na mkono wa kushoto akaegemea bomba la chuma.

Waya ule ulikuwa na moto, Jilala. Ulikuwa na moto tangu asubuhi.

Hakupiga kelele, kwa sababu umeme ukikushika kifuani hupati pumzi ya kupigia kelele. Aliyemwona ni Mayu Zipora, yule mama jirani yenu wa ng'ambo ya ua wa minyaa, aliyekuwa anatwanga makopa ya muhogo uani kwake. Aliona kijana anatetemeka pale kisimani kama mtu mwenye homa. Alikuja mbio na mchi wake, umri ule, akaupiga mkono wa Amosi ukaachia waya. Amosi akaanguka chali, akavuta pumzi.

Unajua kwa nini Mayu Zipora hakumshika kwa mikono yake? Kwa sababu mwaka ule nguzo za umeme zilipofika upande wetu, niliomba dakika chache kanisani baada ya matangazo, nikawaeleza watu: aliyenaswa na umeme usimguse, zima umeme, na kama huwezi kuzima, tafuta mti mkavu umwondoe nao. Wengi walikuwa wanatazama mlango, wana njaa. Yeye alisikiliza, akaweka akilini, na siku ilipofika akakumbuka. Ndiyo maana leo una mdogo.

Halafu mama yako akakupigia wewe. Ua ulikuwa umejaa watu, simu sauti kubwa tena. Na wewe, ambaye mimi mwenyewe nilikufundisha kazi hii ya umeme, ukasema maneno ambayo kila mtoto wa mtaa huu sasa anayajua kwa moyo: "Mama, kama meni ilizimwa na testa haikuwaka, huo haukuwa umeme. Hapo pana mkono wa mtu. Nani alifika wa kwanza?"

Nani alifika wa kwanza! Uliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa limesimama mbele ya watu wote, limeshika mchi, linahema.

Usinijibu kwamba wewe hukutamka neno mchawi. Hukulitamka, kweli. Uliwaachia wenzako walimalizie. Wewe umezaliwa hapa, hukuja juzi na wanunuzi wa dhahabu. Unajua mwanamke mjane, mzee, anayeishi peke yake, macho yamewiva mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni, akishatajwa kwa neno la namna ile nini humpata. Tumewazika wengine, wewe na mimi, katika makaburi ambayo hakuna aliyethubutu kusema kilichowaua. Ulijua. Ukasema.

Tangu siku hiyo paa lake limepigwa mawe. Karanga zake sokoni hazinunuliwi. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wamekatazwa. Mchi wake umechukuliwa na sungusungu, wale walinzi wa kijiji, umefungwa kwenye kitambaa kama bunduki ya jambazi, ati ni kielelezo. Sasa hivi analala kwetu, chumba ulichokuwa unalala wewe ukija likizo. Klara anamwita ale, naye anakula kidogo ili asionekane mzigo. Nikimwona anafunga mlango wa chumba kile kwa kitasa na kuweka kiti nyuma yake, natamani ungekuwa mbele yangu, Jilala, na si huko mbali.

Asubuhi iliyofuata ajali ile nilikwenda kisimani mwenyewe. Nilizima meni ya nyumba kama Amosi alivyozima. Nikasimama kimya nikasikiliza. Unajua nilisikia nini? Friji la Mwigulu. Yule mpangaji wa chumba cha duka, friji lake lilikuwa linaunguruma kwa raha zake, na watu waliokuwa wamekuja kumpa mama yako pole walikuwa wanakunywa soda za baridi kutoka humo, huku wakisema umeme wote ulikuwa umezimwa!

Duka lina mita yake ya luku na nyumba ina yake. Waya wa pampu uliuvuta kutoka dukani, kwa sababu ubao wa breka wa duka uko karibu na kisima na hukutaka kuchimba mtaro mrefu. Sikulaumu kwa kuvuta huko. Nakulaumu kwa kutoandika. Kipande cha mkaa kingetosha. Kuandika "pampu" juu ya breka ya duka kungekugharimu nini? Ulifunga ubao, ukapanda basi, ukasahau. Halafu ukamwelekeza mtu kwa simu azime nyumba isiyohusika, kwa uhakika kabisa, kana kwamba unauona ubao wenyewe.

Sasa tuje kwenye testa, kwa sababu hapo ndipo ulipojificha.

Nilikueleza hili ukiwa umekaa barazani kwangu na nitakueleza tena, pole pole, kama nilivyowaeleza vijana wa chuo cha ufundi miaka yote. Ndani ya mpini wa bisibisi ile mna kataa kadogo, yaani taa ndogo sana. Ili kawake, umeme hauna budi kutoka kwenye waya, upite kwenye kataa, upite kwenye kidole chako kilichogusa kichwa cha testa, upite mwilini mwako, ushuke ardhini. Ni kidogo sana, ndiyo maana huuhisi. Kwa hiyo testa ile haipimi waya peke yake. Inapima waya pamoja na wewe, viatu vyako na mahali uliposimama.

Mvalishe mtu gambuti nzito za mpira, msimamishe juu ya ubao mkavu, umemzibia njia ya ardhini. Taa haizimiki kabisa, bali inafifia mpaka inakuwa kama jicho la sisimizi. Halafu mtoe juani saa saba mchana. Nani ataliona jicho la sisimizi juani? Amosi hakuona kitu, akaamini hakuna kitu. Na alipoegemea bomba la chuma kwa mkono wa kushoto, umeme ukapata njia ya ardhini ambayo gambuti zilikuwa zimeiziba.

Testa ikiwaka, inakwambia umeme upo. Isipowaka, haijakwambia lolote. Huenda umeme haupo. Huenda kataa kameungua, huenda umesimama vibaya, huenda jua limekupofusha. Mtu mwenye akili akigonga mlango asijibiwe hasemi nyumba haina watu.

Ndiyo maana nilikufundisha kuijaribu testa kwanza mahali unapojua pana umeme, kwa mfano soketi yenye redio inayoimba. Ikiwaka hapo, nenda kapime waya wako. Ukimaliza, rudi tena kwenye ile soketi uone kama bado ni nzima, isije ikawa imekufia mkononi katikati ya kazi. Na ndiyo maana siku uliyoanza kazi nilikupa ile testa nyingine, ya ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, ambayo haihitaji mwili wako wala viatu vyako. Unaweka ncha moja hapa na nyingine pale, waya kwa waya, kisha kila waya na ardhi, nayo inakupa jibu lake yenyewe.

Nimeikuta nyumbani kwa mama yako, ndani ya sanduku la nguo za majira ya baridi. Uliiacha kwa sababu ni nzito na haipendezi. Bisibisi ile inakaa vizuri kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya karani, watu wakikuona wanajua fundi anapita. Umembebesha mdogo wako mapambo yako.

Na tena, kuzima breka peke yake hakutoshi. Unazima, unaifunga mtu asiweze kuiwasha, ufunguo mfukoni mwako, kisha unapima. Haya yote unayajua. Mtu asiyejua ningemsamehe mapema.

Jumapili nilimwomba mama yako awaite wale wale waliosikia simu yako. Nikavaa gambuti za Amosi, zinanibana, nikasimama juu ya ubao ule ule juani, nikaweka testa kwenye soketi ambayo redio ilikuwa inacheza. Nikawauliza, "Inawaka?"

"Haiwaki!" wakasema.

"Redio je?"

Redio ikaendelea kuimba. Nikavua gambuti, nikakanyaga ardhi kwa miguu yangu, nikaikinga testa kwa kofia, ikawaka nyekundu. Watoto wakashangilia. Nikadhani kazi imekwisha.

Mwigulu akasimama, chupa ya soda mkononi. "Mwalimu Herman, tunakuheshimu. Umetufundishia watoto. Lakini hiyo testa imelala nyumbani kwako siku zote hizi, na nani mwingine analala nyumbani kwako?" Watu wakacheka kicheko kile cha chini. Akaendelea, "Wewe ni wa vitabu. Fundi ni Jilala, na waya ni wa Jilala. Jilala mwenyewe kasema si umeme."

"Kwa hiyo friji lako linapozwa na nini," nikamuuliza, "na majini?"

"Friji langu nalipia, Mwalimu."

Mama yako, dada yangu wa tumbo moja, hakunitazama usoni. Alisema tu, "Kaka, mwanangu mkubwa hawezi kusema uongo juu ya mwanangu mdogo." Rhoda huyu ambaye Zipora ndiye aliyemshika mkono siku ya kukuzaa wewe!

Zipora alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ua, kanga kichwani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama ningetaka afe, ningeendelea kutwanga."

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kuliko hiyo. Watu waliitazama ikapita. Wanasubiri neno la fundi.

Nimekwenda kwa mtendaji. Nimekwenda polisi, wameandika maelezo na wameahidi kutuma askari. Askari atakaa siku moja, mbili, kisha ataitwa kwingine. Mwenyekiti wa kitongoji ameitisha mkutano Jumamosi tarehe 21 asubuhi, na sungusungu watakuwepo na mchi wao ndani ya kitambaa. Baada ya mkutano huo, ama Zipora atarudi nyumbani kwake na kulala mlango wazi kama zamani, ama hatarudi kamwe. Na asiporudi ujue hakuna mlango wa kwangu ulio mzito wa kutosha kumlinda.

Hapa ndipo ninapokuhitaji wewe, si ushauri wako. Panda basi la Mbeya kuja Kahama, uwe hapa kabla ya siku hiyo. Usiniambie bosi hakupi ruhusa. Bosi wako nitampigia mwenyewe, nimeshapata namba yake kwa Suzana.

Ukifika, utavaa gambuti zile zile. Utafungua ubao wa duka kwa mikono yako mbele ya watu, uwaonyeshe waya wa pampu unakotoka. Utasimama juu ya ule ubao mkavu wa kisimani uwaonyeshe testa yako haiwaki kwenye waya wenye moto, kisha utatoa ile ya ncha mbili uwaonyeshe moto ulipo. Halafu utasema kwa kinywa chako, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma ili asiwepo wa kusema hakuelewa: "Huu ulikuwa umeme. Waya niliuvuta mimi, sikuandika, nikasahau, nikamwelekeza vibaya. Mayu Zipora alimwokoa ndugu yangu." Usiongeze "huenda". Usiongeze "lakini". Siku ile hukuweka huenda.

Utaona aibu. Ndiyo, utaona. Wateja wa huku huenda wakakupungua. Mimi nitasimama karibu yako, na yeyote atakayekucheka atanikuta. Lakini usipokuja, nitasimama peke yangu, nitasema jina lako na nitasema ulijua. Nami baada ya hapo sitakuwa na mpwa wa kumfundisha chochote.

Nilimweleza Amosi yote haya kitandani kwake. Yeye hakumbuki kitu tangu aliposhika waya. Akaniambia, "Mjomba, kaka atakuja. Mwambie asisahau kuandika kwenye ubao." Hakukutukana hata neno moja. Mimi ningekutukana kwa niaba yake, ila Klara amekaa hapa anasoma juu ya bega langu.

Suzana msalimu sana, umwambie sijamkasirikia yeye, na mtoto mpakate kwa ajili yangu. Mzee Januari, baba mkwe wako, mfikishie shikamoo yangu. Huku Klara anakusalimu, mama yako anakusalimu japo hajui nimeandika haya, na Amosi anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Mayu Zipora nilimuuliza kama ana salamu zozote kwako. Alifikiri, akasema, "Mwambie makopa yangu yako nusu kinuni, na mchi wa kuazima haunikai mkononi."

Kwa hiyo njoo, Jilala. Chukua mchi ule mikononi mwa sungusungu, fungua kitambaa, umrudishie mwenyewe mbele ya watu wote. Mungu akulinde njiani, akupe ujasiri wa kinywa uliozidi ule wa mikono, na akufikishe salama.

Ni mimi mjomba wako, niliyekukasirikia kwa sababu nakupenda,

Herman